Kirekodi Data Kinasoma Vibaya: Anza na Waya, Malizia na Kisanduku

Kirekodi data, yaani kisanduku chenye taa na skrini kinachohifadhi vipimo vya vihisi, ndicho hulaumiwa kwanza, nacho ndicho huharibika mara chache zaidi. Kwenye tangi la kupoza maziwa Mbarara, kikaushio cha chai Fort Portal au kisima chenye pampu ya sola Karamoja, hitilafu nyingi hukaa kati ya kihisi na skrubu ya terminali. Kabla ya kuagiza kirekodi kipya, gawanya mfumo katikati na ujue upande gani unadanganya.

Mlolongo wenyewe ni huu. Kihisi hugeuza joto, shinikizo au uzito kuwa volti, mkondo au ukinzani. Waya hubeba ishara hiyo. Sakiti ya mwanzo huikuza na kuichuja. Kibadilishaji huigeuza analogi kuwa namba, kisha namba huhifadhiwa kwenye kadi au hutumwa kwa kompyuta. Kila kiungo cha mnyororo huu kina dalili zake.

Vifaa vya kutosha kuanzia: multimita inayosoma milivolti, betri mpya ya AA, rezista ya 100 Ω na ya 250 Ω zenye usahihi wa 0.1%, bisibisi ndogo, barafu safi, na daftari. Jaribio la kwanza kwa karibu kila dalili ni hili: chomoa waya za kihisi kwenye kirekodi, weka mahali pake kitu ambacho thamani yake unaijua. Chaneli (mlango mmoja wa kuingizia ishara) ya volti ipe betri uliyoipima kwa multimita. Chaneli ya Pt100, kihisi cha joto cha platini chenye 100 Ω kwenye 0 °C, ipe rezista ya 100 Ω. Lazima isome 0 °C au jirani kabisa. Chaneli ya thamokapo, kihisi cha joto cha waya mbili za metali tofauti, iunganishe ncha zake mbili kwa kipande kifupi cha waya; lazima isome joto la terminali zenyewe, yaani takriban joto la chumba. Ikisoma sawa, kisanduku ni kizima, hakina ubovu. Geukia waya na kihisi.

Simama kabla ya kugusa. Usiingize umeme wa 240 V moja kwa moja kwenye chaneli ya ±10 V, hata kwa sekunde moja. Kama mfumo unapima mkondo wa mota kwa transfoma ya mkondo ya 5 A, usifungue kamwe waya za upande wake wa pili, zinazotoka kwenye transfoma kwenda kwenye kipimo, mota ikiwa inaenda: volti hupanda kufikia kiwango cha kuua. Ziunganishe pamoja (shoti) kwanza, au zima mota. Kwenye boila na mitambo ya amonia usichomoe kihisi kilichofungwa kwenye bomba lenye shinikizo. Kazi hizo, pamoja na chochote ndani ya kabati la umeme mkuu, ni za fundi mwenye kibali cha Mamlaka ya Udhibiti wa Umeme (ERA).

## Namba imekwama

Imekwama juu kabisa, chini kabisa, au haisogei.

Sababu ya kwanza ni waya uliokatika au skrubu iliyolegea. Vuta kila waya kwa vidole, taratibu. Waya wa nyuzi nyingi uliobanwa bila kofia ya shaba huonekana umeshika, kumbe nyuzi 2 tu ndizo zinazogusa. Panya nao hupenda waya zinazopita darini. Fuatilia njia nzima kwa macho kabla ya kwenda mbali. Thamokapo iliyokatika mara nyingi hupelekwa na kirekodi hadi kilele cha upeo kwa makusudi, ili ujue.

Kwa vihisi vya 4–20 mA (transmita, zinazotoa 4 mA chini kabisa ya upeo na 20 mA juu kabisa), tia multimita kwenye sakiti kwa kufuatana, ikiwa kwenye mA. Mkondo 0 maana yake waya umekatika au hakuna umeme wa kuilisha. Chini ya 3.6 mA au kuanzia 21 mA, transmita nyingi za kisasa zinatangaza zenyewe kuwa zina hitilafu. Ikiwa kati ya 4 na 20, transmita inafanya kazi, piga hesabu. Tangi la mita 0 hadi 5 likiwa nusu litoe 12 mA, na juu ya rezista ya 250 Ω, inayogeuza mkondo kuwa volti, uone 3 V.

Kuna mkwamo mmoja unaowachosha mafundi wengi wa mitambo ya sola, nao unastahili maelezo. Mchana kipimo kiko sawa. Usiku hakipandi kupita kiwango fulani, kana kwamba tangi limewekewa dari. Chanzo ni volti. Transmita inahitaji labda 10 V ili iishi. Betri ya 12 V ikishuka hadi 11.8 V, zinabaki 1.8 V za kugawia rezista ya 250 Ω, yaani mkondo hauwezi kupita takriban 7 mA hata tangi likijaa. Kubadilisha transmita hakutasaidia. Weka kipandisha volti cha 12 V hadi 24 V. Kwa 24 V na transmita inayotaka 12 V, jumla ya ukinzani wa sakiti inaweza kufika 600 Ω na 20 mA bado zikapita.

Sababu ya mwisho kwa wingi wa kutokea: chaneli imepewa upeo usio wake. Ishara ya 0–10 V kwenye chaneli iliyopangwa 0–5 V itakwama katikati ya safari.

## Namba inacheza

Hii ndiyo dalili inayoletwa mara nyingi kuliko zote, na ndiyo inayotibiwa vibaya kuliko zote. Watu hukimbilia kuweka wastani kwenye programu. Wastani huificha kelele, yaani volti ngeni zinazoingia kwenye ishara, hauiondoi, na wakati mwingine husogeza kipimo chenyewe.

Anza na swali rahisi: inacheza lini? Zima mota, inveta ya kuongoza kasi ya mota, mashine ya kuchomelea na taa za karibu, kimoja baada ya kingine, huku mwenzako akiangalia skrini. Kelele ikikoma na kitu kimoja, umempata mhusika.

Waya wa kihisi unaopita sambamba na waya wa umeme ndani ya mfereji mmoja ndio kosa la kawaida zaidi. Utenganishe angalau sentimita 30, na pale lazima zikutane, zikatane kwa pembe ya mraba. Tumia waya wa jozi iliyosokotwa wenye wavu, yaani ganda la nyuzi za chuma linaloizunguka. Wavu uunganishwe na erthi upande mmoja tu, kwa kawaida upande wa kirekodi. Ukiuunganisha pande zote mbili, umejenga barabara ya mkondo kati ya erthi mbili zisizo na volti sawa, na mkondo huo unaandika jina lake juu ya ishara yako. Nyumba ya pampu na ofisi zilizo mita 80 mbali huwa na erthi tofauti; si nadra kukuta volti kadhaa kati yao. Pima kwa multimita kwenye AC, kisha kwenye DC.

Ukiukuta mzunguko huo wa erthi, una njia tatu. Ondoa erthi ya wavu upande wa kihisi. Isipotosha, hamisha chaneli kutoka hali ya ncha moja, inayopima waya mmoja dhidi ya erthi, kwenda hali ya difarenshali, ambayo hupima tofauti kati ya waya mbili na kuipuuza volti inayozipanda zote kwa pamoja. Isipotosha tena, weka kitenganishi cha ishara, kinachopitisha ishara bila kuunganisha umeme wa pande mbili, kati ya kihisi na kirekodi. Usikate waya wa erthi wa usalama wa mashine ili kelele iishe. Kipimo kinatulia, na mtu anakufa siku waya wa moto utakapogusa bati.

Hali ya difarenshali ina sharti lake. Kihisi kisichogusa erthi popote, kama thamokapo iliyofunikwa au betri, huelea. Volti yake hupanda polepole hadi chaneli ishindwe. Weka rezista ya kati ya 10 kΩ na 100 kΩ kutoka waya hasi hadi erthi ya ishara ya kirekodi.

Kisha angalia mpangilio wa kichujio. Uganda tunatumia 50 Hz. Virekodi vingi vilivyotengenezwa kwa soko la Marekani hufika vikiwa vimewekwa 60 Hz. Kirekodi kinachopima kwa muda wa milisekunde 20 kamili, au vizidishi vyake, hukusanya wimbi zima la 50 Hz na kulifuta. Kilichowekwa 60 Hz hukusanya milisekunde 16.7 na kubakiza kipande. Ni badiliko la dakika moja kwenye menyu na mara nyingi linamaliza kazi yote.

Kama kelele hutokea jenereta ikiwaka peke yake, chaja au adapta ya bei ndogo inaweza kuwa chanzo. Lisha kirekodi kwa betri kwa saa moja, ukiwa umechomoa adapta. Kikitulia, badilisha adapta.

## Namba imetulia, lakini ni ya uongo

Hatari kuliko inayocheza, kwa sababu hakuna anayeishuku.

Kwanza hakikisha kipimo unacholinganisha nacho ni cha kweli. Watu hutumbukiza kihisi kwenye maji yanayochemka, husoma 96 °C, kisha huongeza 4 kwenye programu. Kampala iko takriban mita 1,190 juu ya bahari. Maji huchemka hapo karibu na 96 °C. Kabale ni karibu 94 °C. Kihisi kilikuwa sahihi, na aliyekirekebisha amekiharibu. Tumia barafu: iponde ndogo, ongeza maji safi kidogo tu hadi yajaze nafasi, koroga, subiri dakika 5, kihisi kisiguse chini wala ukuta. Hiyo ni 0 °C popote Uganda.

Shinikizo nalo lina mtego kama huo. Transmita ya shinikizo kamili (inayopima kuanzia ombwe) ikiachwa wazi Kampala haisomi 0, wala 101 kPa za kwenye vitabu. Inasoma karibu 88 kPa. Ile ya shinikizo la geji (inayopima kuanzia hewa ya nje) ndiyo husoma 0.

Kwa thamokapo, sababu kwa mpangilio wa kutokea:

1. Aina, inayotajwa kwa herufi kama K au J kufuatana na metali zake, imekosewa kwenye programu. Thamokapo ya K iliyo kwenye 100 °C, ikisomwa kama J na kirekodi kikiwa kwenye 25 °C, huonyesha kati ya 83 na 84.
2. Waya zimegeuzwa. Kwenye joto la chumba inaonekana sawa. Ukipasha moto, namba inashuka. Chunga rangi: kwa mfumo wa kimataifa wa IEC, K chanya ni kijani na hasi ni nyeupe, kwa mfumo wa Marekani chanya ni njano na hasi ni nyekundu. Fundi aliyezoea nyekundu kuwa chanya hukosea hapa kila mara.
3. Umerefushwa kwa waya wa shaba wa kawaida. Kichwa cha kihisi, pale nyongeza inapoanzia, kikiwa 45 °C na kirekodi 25 °C, utasoma pungufu kwa 20 °C. Nyongeza lazima iwe ya aina ileile.
4. Nyongeza imegeuzwa ncha zote mbili. Namba inapanda vizuri, kwa hiyo hakuna anayeona, lakini kosa ni mara mbili ya tofauti hiyo: 40 °C.
5. Jua au feni inapiga terminali za kirekodi. Kirekodi hupima joto la terminali zake ili kukamilisha hesabu. Upande mmoja ukipashwa, hesabu inapotoka.

Pt100 ni nyepesi zaidi kuichunguza. Ikiwa imechomolewa, ipime kwa multimita: 100 Ω kwenye 0 °C, karibu 109.7 kwenye 25 °C, 138.5 kwenye 100 °C. Kila 1 Ω ya ziada ni takriban 2.6 °C za uongo. Waya wa mita 20 wenye 0.5 mm², kwenda na kurudi, unaongeza karibu 1.4 Ω, yaani zaidi ya 3 °C. Kwa tangi la maziwa linalotakiwa kukaa 4 °C, hilo ni kosa la kumwaga mali ya watu. Tumia waya tatu, au nne, ili kirekodi kiondoe ukinzani wa waya wenyewe, na uhakikishe programu imeambiwa hivyo.

Mizani yenye kihisi cha uzito: kihisi cha 2 mV/V kilichopewa 10 V hutoa 20 mV tu kikibeba mzigo wote. Unyevu kidogo ndani ya kisanduku cha maungio unatosha kukipotosha. Fungua, kausha, badilisha silika geli (kinyonya unyevu), funga gilandi (kibanio cha waya unapoingia) vizuri.

Ikiwa kipimo kinatumika kununua na kuuza, kama kahawa, maziwa au mafuta, simama hapa. Usirekebishe namba mwenyewe. Kifaa cha biashara lazima kihakikiwe na Shirika la Viwango la Taifa la Uganda (UNBS).

## Chaneli moja inaifuata nyingine

Unapasha kihisi cha 1, na cha 2 kinapanda nacho kidogo. Virekodi vingi vina kibadilishaji kimoja kinachozungushwa na swichi kati ya chaneli. Chaji ya chaneli iliyotangulia inabaki kidogo. Sababu kuu ni chaneli iliyoachwa wazi: unganisha zisizotumika na erthi ya ishara. Ya pili ni kihisi chenye ukinzani mkubwa, makumi ya kΩ, ambacho hakiwezi kujaza sakiti kwa haraka. Punguza kasi ya kuzunguka, au weka kikuza ishara katikati.

## Mawimbi ambayo hayapo

Grafu inaonyesha joto likipanda na kushuka polepole, kila sekunde 10, kwa uzuri wa kutiliwa shaka. Mashine haifanyi hivyo. Umeme wa gridi ukiwa 49.9 Hz na wewe unachukua sampuli 1 (usomaji mmoja) kila sekunde, kelele yake hujikunja na kuonekana kama wimbi la 0.1 Hz. Hakuna programu inayoweza kuliondoa baada ya hapo, kwa sababu kwenye faili halitofautiani na la kweli.

Kanuni: sampuli ziwe zaidi ya mara mbili ya masafa ya juu kabisa yaliyomo kwenye ishara, kelele ikiwemo. Kazini, lenga mara 10 ya masafa unayoyataka. Mota inayozunguka mara 1,450 kwa dakika hutikisika karibu mara 24.2 kwa sekunde. Ukiipima kwa sampuli 20 kwa sekunde, utaona mtikisiko wa 4.2 Hz usiokuwapo. Ipime kwa 250 au zaidi, na kichujio cha kweli kiwe kabla ya kibadilishaji. Jaribio la kuthibitisha: badilisha kasi ya sampuli kidogo. Wimbi likibadilika, ni la uongo.

## Data imekatika, au saa zimepotoka

Angalia umeme kwanza. Kukatika kwa nusu sekunde kunatosha kuwasha upya kirekodi katikati ya kuandika, na faili la mwisho linaharibika. Betri ndogo ya akiba ni dawa ya bei nafuu kuliko wiki ya data. Betri ya asidi ya 12 V iliyopumzika ikisoma 12.7 V imejaa, ikisoma 11.8 V imekwisha, hata kama taa zinawaka.

Kadi ya kumbukumbu ni ya pili. Virekodi vingi vya zamani husoma kadi hadi GB 32 zilizoandaliwa kwa FAT32, mfumo wa kupanga mafaili kwenye kadi. Chaneli 8, sampuli 1 kwa sekunde, baiti 10 kila moja, ni karibu MB 7 kwa siku, hivyo kadi kubwa haina faida.

Saa ikirudi mwaka wa zamani kila umeme unapokatika, betri ya kidonge, mara nyingi CR2032, imekufa; mpya hutoa 3 V. Tofauti ya saa 3 kamili maana yake kifaa kimewekwa UTC, saa ya dunia iliyo nyuma ya ile ya Uganda. Tofauti ya saa 6 haitoki kwenye kifaa: mlinzi ameandika daftarini saa 2 asubuhi, kirekodi kimeandika 08:00, na wote wawili wako sahihi. Mkubaliane mfumo mmoja wa saa kabla ya kuanza kukusanya. Tarehe nazo, 03/07 na 07/03, zimewapotosha wengi; andika mwaka kwanza.

## Kompyuta haikioni kifaa

Kwenye USB, badilisha waya kwanza: kuna waya za kuchaji tu, hazina nyuzi za data. Kwenye RS-485, mawasiliano ya waya mbili ziitwazo A na B, zigeuze, kwani watengenezaji hawakubaliani kuhusu majina hayo. Kisha thibitisha kasi na anwani. Vifaa viwili vyenye anwani moja hunyamazishana. Zima umeme, pima kati ya A na B: 60 Ω ni sawa, yaani kuna rezista za 120 Ω ncha zote mbili. Ukiona 120, moja haipo. Ukiona 40, kuna tatu. Kifaa kikijibu lakini namba ni za ajabu, jaribu kusogeza anwani ya rejista (mahali namba inapokaa ndani ya kifaa) kwa 1, kisha kubadilisha mpangilio wa baiti.

## Baada ya radi

Bonde la Ziwa Victoria ni kati ya maeneo yenye radi nyingi duniani, na waya mrefu wa kihisi ni mlango wake. Chaneli zote zikifa pamoja baada ya mvua, usiwashe tena na tena. Chomoa umeme, chomoa vihisi vyote, washa kisanduku kikiwa tupu. Kisipowaka, angalia fyuzi; ikiwa imeungua, ibadilishe mara moja tu. Ikiungua tena, simama. Kikiwaka, rudisha vihisi kimoja kimoja.

Harufu ya kuungua, betri ya lithiamu iliyovimba, au bati linalotoa shoti ni mwisho wa kazi yako: kata umeme kwenye swichi kuu na uite fundi wa umeme. Erthi ya jengo ipimwe kabla ya chochote kurudishwa. Baada ya hapo weka vizuia mrusho wa volti kwenye kila waya unaotoka nje, vikiwa na erthi ileile moja ya kabati, kwa waya mfupi.

## Ikibidi kununua kipya

Usianze na bei wala idadi ya chaneli. Andika vihisi ulivyo navyo, umbali wake, na badiliko dogo kabisa unalohitaji kuliona. Biti 12 kwenye 0–10 V hutoa hatua za 2.44 mV, biti 16 kwenye ±10 V hutoa 0.305 mV. Kwa kiwango cha maji hizo 12 zinatosha kabisa. Kwa thamokapo ya K, yenye takriban 0.041 mV kwa kila 1 °C, hata hizo 16 ni hatua ya zaidi ya 7 °C, kwa hiyo unahitaji chaneli yenye kikuza na upeo wa milivolti.

Kisha dai mambo manne: chaneli zilizotenganishwa kiumeme kama erthi ni zaidi ya moja, kichujio cha 50 Hz, umeme wa kuingia kati ya 9 na 30 V ili sola ikitosheleze, na kumbukumbu ya ndani isiyotegemea mtandao. Kabati liwe IP65, yaani lisiloingiza vumbi wala maji ya kurushwa, waya ziingie kwa chini zikiwa na kitanzi cha kudondoshea maji, na kila tundu lisilotumika lizibwe, maana mchwa na nyigu wataliona kabla yako. Nenda dukani na rezista yako ya 100 Ω, uiweke kwenye terminali za chaneli ya Pt100, na usilipe hadi skrini isome 0 °C.